Vyombo vipya vya usafiri vinakuja, miji yetu isisahau mzigo wa mkulima

NI saa 11 alfajiri katika soko la Mabibo jijini Dar es Salaam. Lori aina ya Fuso lililobeba nyanya kutoka Ilula, mkoani Iringa, limekwishashusha matenga yake. Nyanya hizo zimesafiri zaidi ya kilometa 400 usiku kucha na sasa zimebakiza kilometa chache tu kufika kwenye magenge ya Sinza, Tabata na Kimara.

Lakini muulize mwanamama yeyote mwenye genge, atakwambia kuwa kilometa hizo chache ndizo zinazomkosesha usingizi. Hapo ndipo anapotafuta mkokoteni, bajaji, bodaboda au guta, yaani ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Hapo ndipo bei hupanda bila taarifa, mzigo hukamatwa, na nyanya zilizofika salama kutoka Iringa hupondekea Manzese.

Nilikuwapo sokoni hapo hivi karibuni, na katikati ya kelele za injini lilipita guta moja lisilo na mlio wala moshi. Kijana aliyekuwa akiliendesha aliwaambia watu kwa majivuno kuwa chombo chake hakinywi mafuta, kinakula umeme. Mama mmoja aliyekuwa ameketi juu ya tenga lake akamuuliza, "Sasa mwanangu, na nauli itapungua?" Yule kijana akacheka, akasema, "Mama, hilo waulize wakubwa."

Ndugu msomaji, swali la mama yule ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kwa maoni yangu, jibu lake haliko kwa dereva wala kwa kampuni iliyouza guta lile. Liko katika vikao vya halmashauri za miji yetu. Teknolojia mpya ya usafiri haimletei mwananchi unafuu kwa kuwa ni mpya tu. Humletea unafuu pale ambapo mji umejiandaa kuipokea, na umejiandaa ukiwa unafikiria mzigo, siyo abiria peke yake.

Tumezoea kukimbiza chombo

Historia yetu katika jambo hili si ya kujivunia. Katika miaka ya 1970 usafiri wa Dar es Salaam ulikuwa mikononi mwa shirika la UDA. Mabasi yalipozidiwa, watu binafsi walianza kubeba abiria kwa magari yao kinyume cha sheria, huku wakikimbizana na polisi. Ni mwaka 1983 ndipo Serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kutoa huduma, na hapo daladala zikawa halali. Wakati huo wananchi walikuwa wamekwishazizoea.

Ikafuata bodaboda. Ilianza kama baiskeli za kuvusha watu katika mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia, ikageuka kuwa pikipiki, ikasambaa Afrika Mashariki nzima. Hapa kwetu kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria zilitoka mwaka 2010, wakati vijana wengi walikuwa tayari wako barabarani. Vijiwe vilikuwa vimejipanga vyenyewe kwenye midomo ya barabara, na majeruhi walikuwa wanapelekwa hospitali kabla hatujawa na utaratibu wa kueleweka wa mafunzo na kofia ngumu.

Ya tatu ni teksi za kuitwa kwa simu. Uber ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 2016. Kwa miaka kadhaa madereva walilalamika kuwa kamisheni wanayokatwa ni kubwa mno. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ikaweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15, na Aprili mwaka huo Uber ikasimamisha huduma. Baadaye ukomo ulipandishwa hadi asilimia 25 na kampuni ikarejea Januari 2023.

Kilio cha madereva kilikuwa cha kweli, na mamlaka ilikuwa na haki ya kuingilia. Hata hivyo, mazungumzo ya mwaka 2022 yangefanyika mwaka 2016, kabla kampuni na madereva hawajafunga mahesabu yao, huenda pasingekuwa na ile miezi tisa ambayo mwenye gari la mkopo alikuwa akihangaika na marejesho.

Mara zote tatu mambo yalikwenda kwa mtindo mmoja. Chombo kimetangulia, wananchi wamekitegemea, kisha sheria ikaja nyuma ikihema. Na sheria inayokuja ikihema huja kwa hasira. Huja na kamatakamata, faini na katazo la ghafla.

Wenzetu nao wamejikwaa

Tusidhani haya ni matatizo ya nchi maskini tu. Uingereza, ambako mashine za mvuke zilianza mapema, ilitunga sheria mwaka 1865 iliyotaka mtu atembee kwa miguu mbele ya gari akiwa na bendera nyekundu, na gari lisizidi maili nne kwa saa, au maili mbili likiwa mjini. Sheria hiyo ya hofu ilikuja kulegezwa kabisa mwaka 1896. Somo lake ni kwamba mji unaweza kuchelewa kwa kulala na unaweza pia kuchelewa kwa woga.

San Francisco, Marekani, iliamka Machi 2018 ikakuta kampuni tatu zimemwaga mitaani skuta za umeme za kukodi bila kibali. Zilikuwa zimetupwa kwenye njia za waenda kwa miguu, wazee na wenye ulemavu wakawa wanajikwaa. Mji huo ulichofanya kinafaa kuigwa. Haukuzipiga marufuku moja kwa moja, wala haukuziacha. Uliziondoa kwanza barabarani, ukaweka kibali, ukaita maombi, na kati ya kampuni 12 zilizoomba ukachagua mbili. Oktoba 2018 zikaanza majaribio ya miezi 12, kila moja ikiruhusiwa skuta 625 kwa kuanzia, na zikatakiwa kuupatia mji takwimu za safari zake.

Paris haikuwa na bahati hiyo. Skuta za kukodi ziliingia mwaka 2018, zikaongezeka, kero ikawa kubwa. Aprili 2023 mji ukaitisha kura. Waliojitokeza hawakufika asilimia nane ya waliojiandikisha, lakini karibu asilimia 89 yao walizikataa, na Septemba mwaka huo zikaondolewa. Huduma iliyokuwa inatumiwa na watu wengi iliamuliwa na wachache, kwa sababu kero ilikuwa imeachwa mpaka ikakomaa.

Hapa jirani Rwanda imeonyesha njia nyingine. Mwaka 2021 serikali yake ilipitisha mkakati wa vyombo vya umeme uliogusa kodi, bei ya umeme na vituo vya kuchaji kwa pamoja. Pikipiki za umeme zinazobadilishiwa betri kituoni zilikuwa zimekwishaanza kufanya kazi Kigali. Kuanzia Januari 2025 Kigali haisajili tena pikipiki mpya ya mafuta kwa kazi ya kubeba abiria. Zilizokuwapo hazikunyang'anywa. Dereva aliona mapema mlango upi unafungwa na upi unafunguliwa. Kenya nayo mwaka 2023 iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, ikiwa nafuu zaidi katika saa ambazo matumizi ya umeme ni madogo.

Sisemi tunakili yote ya Kigali. Mji ule ni mdogo kuliko Dar es Salaam, ambayo sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wake una watu zaidi ya milioni 5.3. Ninachosema ni kwamba waliamua kabla.

Mzigo hauna msemaji

Soma nyaraka nyingi za mipango ya usafiri wa mijini, utakuta abiria, abiria, abiria. Mzigo unaotajwa ni wa kontena na malori ya bandarini. Tenga la nyanya, mkungu wa ndizi wa Tukuyu, karoti za Lushoto na ndoo ya samaki havitajwi.

Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza kutoa huduma kati ya Kimara na Kivukoni, daladala ziliondolewa kwenye barabara hiyo. Kwa abiria mwenye begi ilikuwa neema, nami nimeyapanda mara nyingi. Lakini mwisho wa njia ile, pale Kivukoni, ndipo lilipo soko la samaki la Feri. Mama aliyezoea kumlipa konda wa daladala ili ndoo yake ikae mlangoni alijikuta mbele ya basi ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake. Hakuna aliyemkusudia mabaya. Waliopanga hawakumfikiria tu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa karakana ya Jangwani, iliyojengwa katika bonde la mto Msimbazi. Mvua kubwa ziliponyesha mabasi yakazingirwa na maji. Jambo lisilofikiriwa mwanzoni hugharimu mara mbili.

Tuchukue mfano wa kawaida ili tuone ukubwa wa jambo hili. Tuseme mwenye genge anachukua matenga mawili kila siku na kulipa shilingi 3,000 kwa kila tenga. Kwa siku 26 za mwezi ni shilingi 156,000. Chombo kipya kikipunguza nauli kwa shilingi 500 kwa tenga, mama huyo anaokoa shilingi 26,000 kwa mwezi. Lakini likitoka katazo kwamba guta lisipite barabara fulani, akalazimika kushusha njiani na kumalizia kwa mkokoteni kwa shilingi 1,000 zaidi kwa tenga, anaongeza shilingi 52,000. Tofauti kati ya sera nzuri na sera mbaya kwake yeye ni shilingi 78,000 kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya chumba.

Na gharama hiyo haiishii kwake. Mwenye genge akibanwa, hushusha bei anayompa dalali, dalali hushusha bei anayompa mkulima. Kwa hiyo mkulima wa Ilula au Mgeta, hata kama hajawahi kufika Dar es Salaam, ana hisa katika uamuzi wa nani apite barabara gani Ubungo.

Mambo matano ya kufanya sasa

Kwanza, awepo mwenye jukumu. Leo hii leseni ziko LATRA, barabara kuu ziko TANROADS, barabara za mitaa ziko TARURA, usalama uko polisi, umeme uko TANESCO, bei yake iko EWURA, viwango viko TBS, na soko liko halmashauri. Kila mmoja ana kipande chake, lakini hakuna aliyebeba swali zima. Kila jiji na manispaa iwe na dawati moja la vyombo vipya, lenye mtu anayejulikana kwa jina, ambalo kazi yake ni kuwaita hao wote meza moja, pamoja na viongozi wa masoko.

Pili, kanuni ziandikwe kwa kuangalia kazi na hatari ya chombo, siyo jina lake. Tukiandika kanuni ya "bajaji", kesho kitakuja chombo kisicho bajaji wala pikipiki na tutaanza upya. Tuulize kina uzito gani, kinakwenda kasi gani, kina upana gani, kinabeba kilo ngapi na kinasimama vipi kikiwa kimejaa. Chombo cha umeme kisicho na mlio kina hatari yake kwa waenda kwa miguu, na kanuni inapaswa kulijua hilo.

Tatu, tuwe na majaribio yenye mwanzo na mwisho. Kwa mfano, halmashauri ingeweza kutenga njia chache kutoka soko moja kubwa, ikaruhusu maguta ya umeme ya idadi maalumu kwa miezi 12, yakawa na sehemu ya kupakia na kushusha na saa zake. Mwisho wa mwaka yaulizwe maswali manne tu. Je, nauli ya tenga imepungua? Mzigo ulioharibika umepungua? Ajali zimekuwa ngapi? Dereva amebaki na kiasi gani baada ya hesabu ya tajiri na gharama za umeme? Jibu likiwa zuri tuendelee, likiwa baya tuache bila kugombana na mtu.

Nne, umeme na betri. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024. Ni busara kuuliza kiasi gani cha umeme huo kitafika sokoni na kwa bei gani, hasa usiku ambapo vyombo vimelala. Vituo vya kuchaji viwekwe kwenye ramani ya soko tangu mwanzo, mbali na vibanda vya mbao na nyaya za kuunganisha kienyeji. Tuliona jinsi soko la Kariakoo lilivyoungua Julai 2021, hatuhitaji kukumbushwa tena madhara ya moto sokoni.

Kuhusu betri, tukumbuke ving'amuzi. Tulipohama kutoka analojia kwenda dijitali mwishoni mwa mwaka 2012, wengi tuligundua kuwa king'amuzi cha kampuni moja hakifanyi kazi kwa kampuni nyingine. Ukihama, unanunua kingine. Betri zikienda njia hiyo, dereva atakuwa mfungwa wa kampuni moja, na kampuni hiyo ikifunga ofisi chombo kitabaki chuma chakavu. TBS na wadau wakae sasa, vyombo vikiwa bado vichache, waweke viwango vya betri. Viwango vikiwa vya pamoja, mwenye duka la mtaani naye anaweza kuwa wakala wa kubadilisha betri kama alivyo leo wakala wa fedha kwa simu.

Tano, mikataba na fedha. Vyombo vingi vya umeme huuzwa kwa mkopo, na teknolojia inamwezesha mkopeshaji kukizima chombo akiwa mbali marejesho yakichelewa. Kikizimwa njiani kikiwa na mchicha wa watu, nani analipa? Mkataba uwe kwa Kiswahili, useme notisi ni ya siku ngapi, na chombo kisizimwe kikiwa safarini. Vilevile Mfuko wa Barabara unapata fedha nyingi kutokana na tozo ya mafuta. Chombo cha umeme hakinunui mafuta. Bila kuamua mapema jinsi chombo hicho kitakavyochangia barabara, ipo siku pengo hilo litatafutiwa mahali pa haraka, na mahali pa haraka huwa ni ushuru wa soko.

Nasi tufanye nini?

Wapo watakaosema vyombo hivi bado ni vichache, tuna shida kubwa zaidi, tusubiri. Nawaelewa. Barabara za mitaa zina mashimo na mitaro imeziba. Lakini hata bodaboda zilikuwa chache siku moja. Wakati chombo ni kichache ndio wakati ambao kanuni ni rahisi, kwa kuwa hakuna wa kumfukuza wala wa kumfidia. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Msomaji mwenye genge, anza na daftari. Kwa mwezi mmoja andika kila siku umelipa kiasi gani kusafirisha mzigo, kwa chombo gani, na kiasi gani kimeharibika. Viongozi wa soko wakikusanya madaftari 30 ya namna hiyo na kuyapeleka kwa diwani, watakuwa na hoja ambayo hata mchumi wa halmashauri hana. Malalamiko bila tarakimu husikilizwa na kusahaulika.

Mkulima mwenzangu, kupitia AMCOS au kikundi chenu, waulizeni wanunuzi mzigo wenu unapotea wapi baada ya kushushwa mjini. Mkijua mnapoteza kiasi gani pale, mtakuwa na sauti pia.

Na kijana unayetaka kuchukua guta la umeme, usisaini kwa kuvutiwa na ukimya wa injini. Uliza linakwenda kilometa ngapi likiwa limejaa na siyo likiwa tupu, betri ikifa nani anabadilisha, fundi yuko wapi, na deni likikwama siku tatu kinatokea nini. Kama mko kikundi, kumbukeni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo wanawake wana asilimia nne, vijana nne na watu wenye ulemavu mbili. Maguta ya mizigo ni mradi unaoweza kuombewa mkopo huo, mradi hesabu zenu ziwe zimekaa sawa.

Niliporudi Mabibo wiki iliyofuata sikumwona yule mama, ingawa lile guta lisilo na mlio lilikuwapo na lilikuwa limepata mwenzake. Yakiwa mawili ni rahisi kuyapangia mahali pa kuchaji, njia ya kupita na nauli ya tenga. Yakifika elfu mbili tutakuwa tunayakimbiza, na mama yule atakuwa bado hajajibiwa.